Kadi Iliyomsifu Fundi Millogo

Makosa yalikuwa yangu, na nayasema mapema ili msije mkapoteza muda kumtafuta mchawi. Aliyeleta zile kadi ni mimi, Eulalie Toé, mkuu wa ofisi ya maji ya Sarfalao, mjini Bobo-Dioulasso. Nilitoka nazo Ouagadougou, kwenye kozi ya wiki tatu ya kuboresha huduma. Nilishuka kwenye basi na cheti ndani ya bahasha, kichwa kimejaa maarifa, na mume wangu aliponiuliza safari ilikuwaje nikamjibu kwa vipengele.

Na maarifa tuliyahitaji, nisijitukane bure. Kabla ya hapo mtu akija kusema bomba limepasuka, tulimwandika kwenye daftari lenye madoa ya chai, daftari likalala juu ya kabati, na maji yakamwagika siku tatu mpaka bata wa jirani wakahamia barabarani. Mafundi walikuwa wanne na spana zilikuwa mbili. Nilibadilisha yote hayo. Kila taarifa iliandikwa muda ilipoingia na muda kazi ilipokwisha. Kila fundi alipata pikipiki na sanduku lake la koki, viungo na mipira, asiwe anarudi ofisini kufuata kitu kidogo. Tuligawana mitaa. Bomba lililokuwa linatuchukua siku tatu likawa halimalizi nusu siku. Watu wa Sarfalao wakaanza kutusalimia njiani, jambo ambalo mwanzoni lilitutia wasiwasi.

Kisha zikaja kadi. Kila kadi ilichorwa sura tatu: moja inacheka, moja imenuna, moja inalia. Fundi akimaliza kazi, mwenye nyumba anatia alama kwenye sura anayoitaka, na kama ana neno analiandika chini. Mwisho wa mwezi tunazifunga kwa kamba, tunazipeleka Ouaga kwa basi, na huko zinahesabiwa. Fundi atakayeongoza kwa sura za kulia miezi mitatu mfululizo anahamishwa kwenda Dori, kaskazini kabisa, kwenye mchanga na joto la kuoka mkate. Siku mkurugenzi alipouliza pale kozini nani anaunga mkono kanuni hiyo, mkono wangu ndio uliotangulia kuinuka. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Sasa niwaambie kuhusu Dofini Millogo. Ni Mbobo, mwenyeji wa mji huu tangu mababu, mtu wa miaka arobaini na kitu, tumbo limemtangulia kidogo, na ndiye fundi bora niliyewahi kufanya naye kazi. Ana chuma chake kirefu. Anakichomeka ardhini, anaweka sikio kwenye ncha ya juu, anafumba macho, kisha anakwambia: chimba hapa. Ukichimba unalikuta bomba, na linavuja. Kwa miaka kumi na tisa sijamwona akikosea zaidi ya hatua moja. Katika ile migao ya mitaa nilimpa upande wa chini, karibu na soko la ng'ombe, kwa sababu mabomba ya huko ndiyo makongwe kuliko yote. Huko wanakaa Wafulani.

Na Mbobo na Mfulani ni watani. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ni mtumwa wake, na hakuna aliyewahi kuonyesha hati.

Mwezi wa nne, joto limepamba moto, nilifuatana na Millogo nione kadi zangu zikifanya kazi. Tulikwenda kwa Takko Sidibé, mjane wa miaka sitini hivi, anayeuza mtindi na dege, mtama uliochanganywa na mtindi, mbele ya nyumba yake. Bomba lake la kuingia uani lilikuwa limekatika, na tulifika hata nusu saa haijapita tangu aripoti.

"Mtumwa wangu huyo!" Takko alipiga kelele kabla pikipiki haijazima. "Nani amekufungua kamba?"

"Nyamaza, kijakazi," Millogo alisema, akishusha sanduku lake. "Nimeambiwa unalia kwa kiu, nikasema nikuwahi. Ukifa wewe, nani atanifulia?"

"Mama Toé, lione hilo tumbo! Lote hilo ni pombe ya dolo. Ukimtoboa, mtaa mzima unalewa."

"Afadhali dolo. Wewe umelelewa na ng'ombe mpaka ukubwani. Mpaka leo ng'ombe unamwita mama, mama yako unamwita jirani."

Takko alicheka mpaka akatafuta kigoda akae. Millogo alichomeka chuma chake, akasikiliza, akachimba, akakata kipande kilichooza, akaunganisha kipya, akafukia, akafagia na matope yake. Haikufika dakika arobaini. Takko akamjazia bakuli kubwa la dege, kubwa kuliko langu, nami ndiye bosi. Kisha akamwita mpwa wake Penda, msichana aliyemaliza shule na mwenye mwandiko mzuri, akamwambia achukue kadi.

"Tia kwenye sura ya kulia," alisema. "Tia alama tatu, moja haitoshi. Halafu andika hapo chini: Huyu Mbobo hajui bomba ni nini. Ameliangalia bomba langu kwa aibu, utadhani mkwe wake. Tuleteeni fundi."

"Andika na kwamba nimekula dege lake lililochacha, nikavumilia," Millogo alisema, mdomo umejaa.

Nilitia sahihi yangu chini ya kadi ile. Nilikuwa nacheka hivi kwamba sahihi yenyewe ilikwenda upande.

Siwezi kusema sikujua. Mimi ni Msamo niliyezaliwa Bobo, nimekulia katikati ya matusi hayo. Lakini nilidhani huko Ouaga kuna mtu atakayesoma yale maneno na kucheka kama nilivyocheka mimi. Kumbe hakuna anayesoma. Kuna mashine inayohesabu sura.

Barua ilifika mwezi wa sita, siku ya Jumatatu. Dofini Millogo, kadi mia mbili na kumi na nne, sura za kulia mia mbili na tisa. Wa mwisho katika mkoa mzima. Ahamishiwe Dori kuanzia mwezi ujao. Na fundi bora wa mkoa alikuwa nani? Bazié! Bazié wetu, anayefika siku ya pili na amesahau spana, ila ana sauti ya asali na hawaagi akina mama bila kuwauliza habari za wajukuu, mmoja mmoja kwa majina. Niliisoma barua nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena, nikaificha chini ya daftari ili Millogo asiione, kwa sababu niliamini kufikia jioni nitakuwa nimeshayamaliza.

Nilimpigia Mkurugenzi Tapsoba, yuleyule wa kozini. Hapa ndipo mambo yalipozidi kuharibika, maana Tapsoba ni Mmosi, mimi Msamo, na Wamosi na Wasamo wana utani wao: sisi wala mbwa, wao vichwa vya punda.

"Mkurugenzi, kuna kosa kwenye hesabu za Millogo," nilisema.

"Nani anazungumzia hesabu? Msamo?" Nilimsikia akijiweka sawa kwenye kiti. "Ninyi mlianza lini kuhesabu? Mnachojua kuhesabu ni mbwa kwenye sufuria."

"Tapsoba, leo nasema kweli. Zile kadi zimeandikwa kwa utani."

"Msamo anasema kweli! Subiri, subiri niwaite wenzangu wasikie, maana haitatokea tena."

"Nisikilize, wewe kichwa cha punda—"

"Ahaa! Sasa ndiyo nimekutambua. Nilidhani ofisi imeingiliwa na wezi." Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia anakuja Alhamisi yeye mwenyewe, kuipongeza ofisi yetu kwa kupunguza muda wa matengenezo, na palepale atamsainisha fundi barua yake. "Uniwekee mguu wa mbwa, usile peke yako," akasema, akakata simu.

Niliweka simu nikiwa nacheka, Mungu anisamehe. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba sikuwa nimesema lolote.

Basi nikashuka kwa Takko. Nilimkuta anachuja mtindi. Nilimweleza kila kitu, na nilipofika kwenye neno Dori aliweka kichujio chini.

"Dori? Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya kadi."

"Mimi nilijua unazisoma wewe, unacheka, unawashia moto." Alijifuta mikono kwenye kitenge, akajifuta tena, mikono ilikuwa imeshakauka. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Kesho anakuja kukubadilishia mita. Akimaliza, tia sura ya kucheka. Na uwaambie majirani nao. Nataka Alhamisi nimmwagie yule Mmosi rundo la sura za kucheka mezani."

"Nimsifu Mbobo? Kwa maandishi?"

"Mara moja tu, shangazi."

"Mume wangu atafufuka aniulize nimepatwa na nini." Alichukua tena kichujio chake. "Haya. Lakini mimi sitoki nje. Nikimwona tu, mdomo wangu hautanisikiliza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumanne Millogo alikwenda, akapiga honi, akatukana mlangoni, hakujibiwa. Penda akamwambia shangazi anaumwa kichwa. Akabadilisha mita peke yake, kimya, kisha akapewa kadi. Alama moja safi kwenye sura ya kucheka, na chini yake, kwa mwandiko mzuri: *Kazi nzuri sana. Asante sana, Bwana Millogo.* Nyumba kumi na moja za mtaa ule zikafanya vivyo hivyo.

Jumatano asubuhi aliingia ofisini kwangu na zile kadi mkononi. Hakuvua kofia, hakuniuliza kama nimeamka salama. Aliziweka mezani, ya Takko juu.

"Bosi," alisema, "nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, amekusifu."

"Bwana Millogo," alisoma, akiweka kidole chini ya kila neno. "Mimi, Bwana! Miaka kumi na tisa naingia nyumba ile. Mwanawe wa kwanza alipooa, mimi ndiye niliyemwiba bibi harusi kwa mzaha. Leo hata mlangoni hatoki, ananitumia asante kwenye karatasi, kama asante ya mtu wa kupima umeme."

Ilibidi nitoe barua chini ya daftari. Nilimweleza yote, Ouaga, mashine, sura, Dori, na kwamba mimi ndiye niliyemwomba Takko. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, na adabu yake ilinitisha.

"Unanifariji, Bosi. Nashukuru. Lakini Takko hajawahi kukubali jambo kwa kuombwa. Ungemwomba, angekufukuza kwa mwiko." Alichukua barua, akaisoma pole pole. "Dori. Kule Wafulani wamejaa. Labda wao hawajanichoka."

Akaomba kalamu, akatia sahihi. Nilijaribu kumnyang'anya karatasi, akainua mkono juu, na mimi ni mfupi. Jioni nilisikia ameanza kugawa kuku wake.

Sikulaumu mashine tena. Nilijilaumu mimi na kozi yangu, na nilikilaumu hata kile cheti ukutani. Nilikigeuza kikaangalia ukuta.

Alhamisi Tapsoba akaja, mrefu, shati limenyooka, miwani puani. Alizunguka ofisi, akapapasa masanduku ya viungo, akasoma ubao wetu wa muda wa kazi, akasema ni ofisi ya mfano. Mimi kila nilipofungua mdomo alicheka kabla sijaanza. Nikammwagia zile kadi kumi na mbili mezani. Akazitazama, akasema, "Kumi na mbili kwa mia mbili na tisa. Msamo, hata mbwa angeona hazitoshi." Kisha Millogo akaingia, amevaa shati la kanisani, akamkabidhi barua iliyosainiwa.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa bila hodi. Takko alisimama pale na mwiko wake wa mtindi mkononi, anahema. Nyuma yake alikuwa Penda, na nyuma ya Penda nusu ya mtaa wa soko la ng'ombe.

"Yuko wapi mtumwa wangu?" aliuliza. "Nimesikia anagawa kuku."

Millogo alimgeukia, akainamisha kichwa. "Habari za asubuhi, Mama Sidibé. Kichwa kimepona?"

Takko alirudi nyuma hatua moja. Sijawahi kumwona mtu akipigwa na salamu namna ile.

"Umeniitaje?"

"Mama Sidibé. Nawe uliniita Bwana Millogo."

"Mimi niliambiwa niandike! Huyu Msamo wako aliniambia niandike, eti nikuokoe!" Alininyooshea mwiko, mtindi ukanirukia blauzi. "Usiku kucha sikulala kwa aibu. Bwana! Bwana gani mwenye tumbo lile?"

Kona ya mdomo wa Millogo ilicheza, lakini alijizuia. Mtu aliyeumia haponi kwa neno moja. Alibaki amesimama, mikono nyuma.

Takko akamgeukia Tapsoba. "Wewe ndiye unayemchukua?"

"Mama, si mimi, ni kanuni. Wewe mwenyewe umetia sura ya kulia mara saba. Nimeona kwenye orodha. Je, ni fundi mbaya?"

"Mbaya kabisa."

"Sasa unataka abaki kwa nini?"

Takko alifungua mdomo, na nilijua tusi lilikuwa tayari, nililiona likija. Akalimeza. Alizungumza chini chini, akitazama mwiko wake.

"Siku mume wangu alipozikwa, watoto wangu walikuwa wamekauka machozi, na mimi nimekauka. Siku mbili sijala. Huyu akaja na mkeka, akautandika kando ya kaburi, akalala, akazuia lisifukiwe. Anasema marehemu alikuwa mtumwa wake na hakumpa ruhusa ya kufa. Tukambembeleza. Akaamka, akachukua kofia ya mume wangu, akaivaa, akatembea kama yeye, na ule mguu wake wa upande, akanidai mtindi kwa sauti ya mume wangu, sauti ileile. Nikacheka. Kaburi liko wazi mbele yangu na mimi nacheka. Siku ile nikala." Alinyanyua macho. "Kwa hiyo nitie sura gani? Kwenye kadi yenu hiyo, nitie sura gani?"

Penda alikuwa analia waziwazi. Millogo alikuwa anaangalia dirisha kwa bidii, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila ukuta.

Tapsoba alivua miwani, akaifuta. Si mtu mbaya, kwa Mmosi. "Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini kanuni imepitishwa nchi nzima. Nikirudi niwaambie nini wenzangu? Kwamba Bobo sura ya kulia maana yake kucheka? Watanicheka mimi. Na sahihi ameshatia mwenyewe."

Nilikuwa tayari kumwita kichwa cha punda. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Halafu nikamtazama Millogo, shati lake la kanisani, mikono yake nyuma, na nikajua la kufanya. Nikainuka. Nikafunga kifungo cha juu cha blauzi yangu yenye mtindi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," nilisema, "ninakuomba kwa heshima zote ulitazame upya suala la fundi Millogo. Ukiona haliwezekani, tutaupokea uamuzi wako. Tunakushukuru sana kwa kututembelea."

Tapsoba alitabasamu, akasubiri. Alikuwa anasubiri mkia wa sentensi, pale tusi linapokaa. Nikanyamaza.

"Toé," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Acha."

"Nimeacha, Mheshimiwa. Samahani kama nilikuwa nakusumbua. Sitakutania tena."

Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. Alinitazama, akawatazama wengine, akanitazama tena. Tumetukanana miaka minane mimi na yule mtu. Harusini kwa binti yake nilijifungia jikoni na sufuria ya wali nikidai fidia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mkurugenzi mzima, na uso ulikuwa umemshuka kama wa mtoto aliyeachwa sokoni.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

Akalisikia neno lake mwenyewe. Niliona kabisa alivyoshtuka, maana ndilo neno lililomleta Millogo kwangu Jumatano. Alimgeukia Millogo, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaichukua ile barua, akaipasua vipande viwili, akaviweka kimoja juu ya kingine, akavipasua tena.

"Nipe kitabu cha muda wa kazi," aliniambia.

Nikampa. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza. Taarifa imeingia saa ngapi, bomba limefungwa saa ngapi, limepasuka tena au halikupasuka. Kwa kitabu hicho, Millogo alikuwa wa kwanza na hakuna aliyemkaribia. Bazié alikuwa wa mwisho, na Bazié mwenyewe, aliyekuwa amejibanza kwenye kundi la mlangoni, alikumbuka ghafla kwamba kuna mahali amesahau spana.

"Tutapanga kwa saa na kwa kazi iliyodumu," Tapsoba alisema, akiandika. "Kadi zitabaki, lakini hazihesabiwi na mashine. Kila mkuu wa ofisi atazisoma mwenyewe, neno kwa neno, aeleze kilichosemwa. Ouaga nitawaambia nilikosea, watanicheka wiki moja. Na wewe, Toé, utaanza na hizo mia mbili na kumi na nne. Uzisome mpaka macho yakutoke, mla mbwa mkubwa."

"Nitasoma, kichwa cha punda," nilisema. "Ungekuwa unajua kusoma wewe, tusingefika hapa."

Tapsoba alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Chumba kizima kilianza kusema kwa pamoja. Mtu mmoja alitaka kujua nani kapewa kuku, na kama anawajibika kuwarudisha. Katikati ya kelele hizo Millogo hakuwa amesogea. Alikuwa amesimama palepale, na alipozungumza aliongea polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Takko," alisema. "Kwa hiyo hukunichoka?"

"Nikuchoke?" Takko alisema. "Watoto wangu watatu wote wako Abidjan. Nikiamka asubuhi, hata maji ya kutawadha sijateka, nawaza leo nitamtukana nini yule Mbobo. Nikilipata la maana, najua siku imeanza. Nikikuchoka wewe, nibaki na nani?" Alijifuta macho kwa kiganja, akaacha mtindi shavuni, akafoka: "Na hiyo kazi ya mita nimeshaiona. Umeifunga imepinda."

"Haijapinda. Umesimama ukiwa umepinda wewe, kijakazi." Millogo alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ila koki yako ya nyuma, ile ya kuoshea vyombo, inavuja. Niliisikia Jumanne."

"Uliisikia ukaiacha?"

"Nilitaka kurudi. Halafu nikasoma kadi, nikajua sitakiwi."

Takko alimshika mkono wa shati la kanisani, akamvuta mlangoni katikati ya watu, na Millogo akaenda bila hata kuchukua sanduku lake. Ilibidi Bazié akimbie nalo nyuma yao.